Kupanga data katika makundi

Kupanga data katika makundi ni kugawa namba zilizokusanywa katika safu za thamani zinazofuatana, kisha kuhesabu ni ngapi zimeangukia kila safu. Hesabu hiyo huitwa marudio, na matokeo yote huwekwa kwenye jedwali la marudio. Jedwali hilo likichorwa kwa nguzo zinazogusana hupatikana histogramu, jina lililoanzishwa na Mwingereza Karl Pearson mwishoni mwa karne ya 19.

Kila namba lazima iwe na kundi moja tu. Makundi ya 40–50 na 50–60 yatagombania 50, hivyo huandikwa 40–49 na 50–59.

Uamuzi mzito ni upana wa kundi. Tuchukue alama za wanafunzi 20: 41, 43, 44, 46, 47, 48, 48, 49, 52, 53, 61, 62, 68, 71, 72, 74, 75, 77, 78, 79. Kwa makundi ya alama 20, 40–59 lina wanafunzi 10 na 60–79 lina 10. Darasa linaonekana limetawanyika sawasawa. Kwa makundi ya alama 10, marudio ni 8, 2, 3 na 7. Sasa mwalimu anaona kwamba ana madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, na wa katikati ni wachache mno. Kanuni ya Herbert Sturges ya mwaka 1926, yaani 1 + 3.322 log n, n ikiwa idadi ya namba zote, hupendekeza hapa makundi kama 5. Ni pa kuanzia tu. Data yenyewe ndiyo ya kusikilizwa.

Ukishapanga, namba halisi hupotea, na wastani hukadiriwa kwa kitovu cha kila kundi. Kwa alama hizi, zikiwa katika makundi ya alama 10, makadirio ni 59.0, ilhali wastani halisi ni 59.4.

Umri una utaratibu wake. Sensa za Tanzania na Kenya huupanga kwa miaka mitano mitano: 0–4, 5–9 na kuendelea. Kwa kuwa huhesabiwa miaka iliyotimia, kundi la 0–4 hufika hadi mkesha wa kutimiza miaka 5, na kitovu chake ni 2.5, si 2. Wasiojua tarehe yao ya kuzaliwa hupenda kutaja umri unaoishia na 0 au 5. Makundi hupunguza mlundikano huo, lakini hayauondoi: mwenye miaka 39 akisema 40, ameshahamia kundi lisilo lake.