Silvertone 1448

Silvertone 1448 ni gitaa la umeme la bei nafuu lililouzwa nchini Marekani na kampuni ya Sears, Roebuck and Co. kuanzia mwaka 1962. Lilitengenezwa na kampuni ya Danelectro katika jimbo la New Jersey. Linajulikana hasa kwa sababu kasha lake la kubebea lilikuwa pia amplifaya. Mnunuzi alipata gitaa, amplifaya na kasha kwa bei moja ya dola 67.95, akaweza kuanza kupiga bila kununua kifaa kingine.

Gitaa hilo lilikusudiwa wanafunzi. Lina ubora unaolifanya litafutwe hadi leo, na pia mapungufu yanayotokana na jinsi gharama zake zilivyopunguzwa. Baadhi ya mapungufu hayo hurekebishika, mengine yamo ndani ya muundo wenyewe.

Historia

Danelectro ilianzishwa mwaka 1947 na Nathan Daniel, fundi wa vifaa vya umeme aliyekuwa ametengeneza amplifaya kwa ajili ya kampuni ya Epiphone katika miaka ya 1930. Mwanzoni kampuni yake ilitengeneza amplifaya tu. Magitaa yalianza mwaka 1954. Mengi kati yake hayakuuzwa kwa jina la Danelectro, bali kwa jina la Silvertone, alama ya biashara ambayo Sears ilikuwa ikiitumia kwa vyombo vya muziki, redio na santuri.

Sears iliuza bidhaa kwa katalogi iliyotumwa nyumbani kwa posta. Kwa njia hiyo, familia iliyoishi mbali na maduka ya vyombo vya muziki iliweza kuagiza gitaa kama ilivyoagiza nguo au zana za shamba.

Gitaa la umeme lilikuwa na gharama ambayo wanunuzi wengi hawakuitarajia: bila amplifaya halisikiki vizuri. Gitaa la Fender Stratocaster lilipoingia sokoni mwaka 1954 liliuzwa kwa dola 249.50, na amplifaya ilinunuliwa kando. Silvertone 1448 ilijibu tatizo hilo kwa kuunganisha vitu vyote katika kifurushi kimoja.

Pamoja na 1448 iliuzwa pia 1449, yenye vinasa sauti viwili na amplifaya kubwa zaidi. Baadaye nafasi zake zilichukuliwa na 1451 na 1457, ambazo zilifuata wazo lilelile la kasha lenye amplifaya. Danelectro ilinunuliwa na kampuni ya MCA mwaka 1966, na kiwanda kilifungwa mwaka 1969.

Muundo

Mwili wa gitaa haukuchongwa kutoka gogo moja la mbao ngumu. Fundi alitengeneza fremu ya mbao ya kawaida, kisha akaifunika mbele na nyuma kwa hadibodi, yaani bamba la nyuzinyuzi za mbao zilizokandamizwa kwa joto. Ndani ya mwili kulibaki uwazi. Ukingo ulizungushiwa utepe wa vinili ili kuficha maungio.

Chini ya nyuzi kuna kinasa sauti kimoja, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba ambayo hugeuza mitetemo ya nyuzi kuwa mkondo wa umeme. Danelectro ilifunika vinasa vyake kwa vibomba vya chuma vya aina iliyotumika kutengenezea rangi ya midomo. Vibomba hivyo vilikuwa tayari vinatengenezwa kwa wingi, kwa hiyo kampuni haikuhitaji kugharimia kifuniko maalumu. Gitaa lina kitufe kimoja cha sauti na kimoja cha toni.

Shingo iliimarishwa kwa vyuma vilivyofichwa ndani ya mbao. Ina freti 18, yaani vipande vya chuma vinavyotenga noti. Stratocaster za miaka hiyo zilikuwa na 21.

Ndani ya kasha kuna amplifaya ya valvu za kioo yenye nguvu ya wati 3 hivi, na spika ya kipenyo cha inchi 5. Mpigaji hufungua kasha, hulisimamisha, huunganisha waya wa gitaa na kuchomeka plagi kwenye umeme.

Ubora

Ubora wa kwanza ni ukamilifu wa kifurushi. Mwanafunzi anayepata gitaa bila amplifaya huweza kukaa miezi bila kulisikia ipasavyo, na wengine hukata tamaa. Mwenye 1448 aliweza kupiga siku ileile aliyolipokea.

Pili, gitaa ni jepesi, kwa kuwa lina uwazi ndani. Kijana anaweza kulivaa begani kwa muda mrefu bila kuchoka.

Tatu ni sauti yake. Kinasa cha Danelectro hutoa mlio mwangavu wenye ncha, na noti za kodi husikika mojamoja bila kuchanganyika. Sauti hiyo haikuwa nakala hafifu ya gitaa ghali, bali ilikuwa na tabia yake. Ndiyo maana wanamuziki walioweza kununua chombo chochote waliendelea kutumia magitaa ya kiwanda hicho. Jimmy Page wa bendi ya Led Zeppelin alipiga Danelectro jukwaani, na Beck wa Marekani anajulikana kwa kutumia Silvertone 1448. Jimi Hendrix naye, kabla ya kupata umaarufu, alikuwa na gitaa la Danelectro la toleo la awali lililouzwa kwa jina la Silvertone.

Nne, amplifaya ndogo ya valvu huanza kukwaruza sauti mapema inapoongezwa. Mpigaji hupata mlio mkali wa roki katika kiwango cha sauti kisichowasumbua sana watu wa nyumbani.

Mapungufu

Pungufu kubwa la kimuziki liko kwenye daraja, sehemu inayoshikilia nyuzi mwilini. Nyuzi zote sita hukalia kipande kimoja cha mbao. Kipande hicho kinaweza kusogezwa au kuinamishwa kidogo, lakini urefu wa kila uzi hauwezi kurekebishwa peke yake. Matokeo yake ni kwamba gitaa likisawazishwa vizuri kwa noti za chini, baadhi ya noti za juu ya shingo hutoka kidogo katika sauti sahihi. Mwanafunzi asiyejua jambo hili anaweza kudhani kosa ni la vidole vyake.

Shingo nayo haina fimbo ya kurekebishwa. Katika magitaa mengi fundi hukaza au kulegeza fimbo hiyo shingo inapopinda kwa sababu ya mvuto wa nyuzi au mabadiliko ya hewa. Vyuma vya Danelectro huzuia kupinda, lakini shingo ikishapinda hakuna skrubu ya kuinyoosha. Kazi inayobaki ni ya fundi: kusawazisha freti, au kuweka kipande chembamba pale shingo inapoungana na mwili.

Hadibodi haivumilii maji. Ikilowa hufura na kupoteza nguvu, na haiwezi kurudishwa katika hali yake ya awali. Skrubu zikikazwa na kufunguliwa mara nyingi, matundu yake hupanuka na kulegea.

Freti 18 zinamtosha anayeanza kujifunza kodi, lakini humzuia anayetaka kupiga solo za noti za juu. Vilevile amplifaya ya wati 3 haiwezi kushindana na ngoma. Mwanafunzi aliyejiunga na bendi alilazimika kutafuta amplifaya nyingine, na hapo faida ya kasha ilipungua. Gitaa likiunganishwa na amplifaya yenye nguvu na sauti ikapandishwa sana, mwili wenye uwazi unaweza kusababisha mlio wa kuvuma usiokoma.

Usalama wa amplifaya za zamani

Amplifaya ya 1448 iliundwa kwa ajili ya umeme wa Marekani wa volti 120 hivi. Haipaswi kuchomekwa moja kwa moja katika nchi zenye umeme wa volti 220 hadi 240, zikiwemo nchi za Afrika Mashariki; huhitaji transfoma ya kushusha volti. Waya za vifaa vya miaka hiyo kwa kawaida zilikuwa na ncha mbili bila waya wa ardhi, na mpigaji hushika nyuzi za chuma zilizounganishwa na kifaa hicho. Aidha, kapasita za amplifaya ya valvu zinaweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa sababu hizo, kifaa cha aina hii hukaguliwa na fundi mwenye ujuzi kabla ya kutumiwa.

Urithi

Jina la Danelectro lilifufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na wamiliki wapya, walioanza kutoa magitaa yanayofuata miundo ya zamani, yakiwa na hadibodi na vinasa vya vibomba. Siku hizi vinasa vya aina hiyo hutengenezwa pia na watengenezaji wengine kwa ajili ya magitaa ya gharama kubwa.

Kifurushi cha gitaa pamoja na amplifaya ndogo kimekuwa njia ya kawaida ya kuwauzia wanafunzi, ingawa sasa amplifaya huwa kando ya kasha. Silvertone 1448 zilizosalia hutafutwa na wakusanyaji, hasa zile ambazo gitaa na kasha lake la awali bado viko pamoja.