Njia ya Mkato na Watunza Siri

Tuseme una barua, nawe hutaki mtu yeyote ajue umempelekea nani. Ukimpa mjumbe mmoja aichukue toka mkononi mwako hata mlangoni pa mwandikiwa, siri yako yote i mikononi mwake. Aijua nyumba itokayo barua na nyumba iendayo. Hata awe mwaminifu namna gani, siku atakapobanwa hana budi kusema.

Jambo la namna hii lilitokea Finland. Mwaka 1993 Johan Helsingius alianzisha mtambo wa kompyuta uliopokea barua za watu, ukaondoa majina yao, kisha ukazipeleka mbele. Watu zaidi ya 500,000 waliutumia. Lakini ili majibu yapate kurudi, ilipasa mtambo uwe na daftari lenye anwani ya kila mmoja wao. Mwaka 1995 polisi walimjia na amri ya kupekua, naye akalazimika kutoa anwani ya mtu mmoja. Agosti 1996 akaufunga mtambo wake. Kosa halikuwa moyoni mwake. Lilikuwa katika kuweka siri za wote mahali pamoja.

Dawa ilikuwa imekwisha kuonyeshwa mwaka 1981 na Mmarekani David Chaum: ujumbe upitishwe katika vituo kadhaa, pasiwe na kimoja kijuacho yote. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa maabara ya Jeshi la Wanamaji la Marekani waliiendeleza fikira hiyo, na mwaka 2002 mtandao uitwao Tor ukaanza kazi. Humo ujumbe hufungwa kwa tabaka, mfano wa maganda ya kitunguu, na kila kituo humenya ganda moja. Kituo cha kwanza chakujua wewe, wala hakijui uendako. Cha tatu chajua uendako, wala hakikujui wewe. Cha katikati hakijui hili wala lile. Vituo hivyo huendeshwa na watu wa kujitolea katika nchi nyingi.

Lakini vituo vitatu huchelewesha safari. Kwa hiyo walitokea watu waliotaka programu zao zipite kituo kimoja tu. Walisema: “Twaenda upesi, na tena twawapunguzia wenye vituo kazi, maana twatumia kimoja badala ya vitatu.” Maneno haya yana sura ya haki, lakini yapime vizuri.

Mwenye kituo apitiwaye hivyo amerudishwa palepale alipokuwa Helsingius. Sasa amjua atokaye na aendako. Jana kompyuta yake haikuwa na siri ya kuibwa. Leo mwizi ana sababu ya kuivunja, na mkuu wa dola ana sababu ya kuichukua. Naye hakuomba mzigo huo. Wala hasara haiishii kwake, kwani mvamizi akikiteka kituo, huwavizia hata wale wapitao vituo vyote vitatu. Na watu wa kujitolea wakiingiwa na hofu, huvifunga vituo, na vikipungua, wote huumia.

Ndiyo sababu watungaji wa Tor waliagiza katika programu yao kwamba kituo cha mwisho kimkatae mgeni ajaye moja kwa moja bila kupita kwingine, na mwaka 2018 wakaongeza kinga nyingine ya namna hiyo. Wengine waliona ni ukali. Kumbe ilikuwa kumlinda mwenye kituo kwa kumfanya asijue. Maana asiyejua hawezi kulazimishwa kutoa.

Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka. Nawe, mwanafunzi, utakapotumia kitu kilichojengwa kwa hisani ya wengine, usiulize tu kama njia ya mkato itakufikisha upesi. Uliza pia ni nani atakayebaki nyuma akiubeba mzigo ulioutua.