Kioo cha Mbele Kilipopindwa

Leo naweka programu kando niandike kuhusu kioo. Juzi nilikuwa Bukura, kwenye pikapu ya mjomba, tukielekea Sigalagala. Lori lililotutangulia lilirusha kokoto, na kabla hatujamaliza kulilaani, ufa ulikuwa umetembea hadi upande wa pili wa kioo.

Mjomba alikumbuka Landrova yake ya zamani. "Ile, fundi wa Kakamega mjini alikuwa anakata kioo asubuhi, saa sita niko nyumbani. Hiki lazima kiagizwe Nairobi." Nikajiuliza: nini kilitokea katikati?

Kilichotokea ni kupindwa. Landrova ilipozinduliwa mwaka 1948 ilikuwa na vipande viwili vya kioo bapa mbele, na Kombi ya Volkswagen nayo ilibaki hivyo hadi 1967. Marekani walitangulia: Chrysler Imperial Airflow kubwa ya 1934 ilikuwa na kioo kimoja kilichopinda. Miaka ya 1950 magari ya huko yakazungushiwa vioo hadi ubavuni, na pembeni dunia ikaonekana imejikunja.

Ugumu ni kwamba kioo cha mbele ni vioo viwili. Mfaransa Édouard Bénédictus aliona mwaka 1903 chupa ya maabara ikianguka bila kutawanyika, kwa sababu ndani ilikuwa na utando wa selulosi uliokauka. Alipata hataza mwaka 1909. Selulosi ile iligeuka manjano juani, ndiyo maana baadaye ikaja plastiki ya PVB. Sasa, ukipinda kila kioo peke yake, havitakaa sawa vikibandikwa. Kwa hiyo vioo viwili bapa hukatwa, hunyunyiziwa unga katikati visigandane, kisha hulazwa pamoja juu ya kalibu ya chuma yenye umbo la pete. Pete hugusa kingo tu, ili sehemu ya kuonea isipate alama.

Kalibu huingia tanurini. Karibu na nyuzi 600 za Selsiasi kioo hulegea na kuzama chenyewe, kama turubai lililojaa maji ya mvua. Hakuna anayekisukuma! Kwa mipindo mikali, kalibu huwa na bawaba, na ncha zake huinuka kadiri kioo kinavyolainika. Halafu hupozwa polepole, kwa maana kikiharakishwa kitabaki na mkazo ndani na kupasuka siku isiyojulikana. Mwisho PVB huwekwa katikati, na joto na shinikizo huviunganisha.

Vioo vya milangoni hufanyiwa kinyume: hubanwa kwenye umbo kisha hupulizwa hewa kwa ghafla, ndiyo maana vikivunjika huwa punje punje. Kubana kumeingia hata kwenye vioo vya mbele, kwani uzito peke yake hauwezi kuamua kwa usahihi tumbo la kioo lizame kiasi gani.

Kila mtindo wa gari una kalibu yake. Hapo ndipo fundi wa Kakamega alipopoteza kazi. Sisi wa programu tungesema kioo bapa kilikuwa chanzo huria: mwenye almasi ya kukatia na kipimo aliweza kukitengeneza. Kalibu imefungwa kiwandani. Lakini nisimdanganye mtu, mara nyingi fundi yule alikata kioo cha kawaida cha dirisha, na ajali ikitokea hicho ni visu vitupu. Mjomba ana kovu juu ya nyusi.

Kioo kipya kilifika kwa basi baada ya siku nne, kimesimamishwa ndani ya fremu ya mbao. Aliyekuja kukibandika ni fundi yuleyule, sasa mzee. Alikata gundi ya zamani kwa waya, akapaka mpya, akatukataza kuendesha hadi kesho yake. Almasi yake bado iko mfukoni. Anakatia madirisha ya nyumba.