Jicho la Kuazima juu ya Bahari ya Hindi

Mwezi wa Oktoba 1945, Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika katika jarida la Wireless World kwamba chombo kikipandishwa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya mstari wa Ikweta kitaizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha yenyewe, na kwa hiyo aliye chini atakiona kimesimama mahali pamoja usiku na mchana. Muradi wake ulikuwa mawasiliano ya redio, si habari za mvua. Walakini wanaosoma hewa ndio walioipokea fikra ile kwa hamu kubwa, kwani TIROS-1, setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofanikiwa, iliyorushwa tarehe 1 Aprili 1960, ilikuwa ikipita chini, ikichungulia nchi na kwenda zake, na tufani iliyoonwa asubuhi ingeweza kugeuza njia kabla haijaonwa tena.

Desemba 1966 Wamarekani walirusha ATS-1, ikasimama vile alivyoeleza Clarke juu ya Bahari ya Pasifiki, nayo ilichukua kamera ya Verner Suomi, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Hila yake ilikuwa nyepesi ajabu: chombo kilichokuwa kikizunguka kama pia ili kisiyumbe kilifanywa kichore ufito mmoja wa dunia kwa kila mzunguko, ufito juu ya ufito, hata sura nzima ikatimia. Picha zikifuatana, ikawezekana kupima mwendo wa wingu na kujua upepo unavyovuma juu ya bahari pasipo merikebu wala kisiwa.

Ulaya ilipata setilaiti yake, Meteosat-1, tarehe 23 Novemba 1977, ikawekwa juu ya Ghuba ya Guinea, mahali longitudo ya sifuri inapokata Ikweta. Kila nusu saa ilileta picha, na pamoja na mawingu ilionyesha hata mvuke usioonekana kwa macho. Cha kuchekesha kidogo ni kwamba Afrika ilikaa katikati ya picha, ilhali Ulaya, iliyogharamia yote, ilibanwa kwenye ukingo wa juu. Kamera ile iliharibika baada ya miaka miwili tu, na Meteosat-2 ikaja mwaka 1981.

Kwa watu wa pwani yetu ya mashariki jicho lile halikutosha, maana vimbunga vya huku aghalabu huzaliwa mbali matlai, pembeni kabisa mwa upeo wake. Ukiziacha setilaiti za India, Urusi na China, Bahari ya Hindi iliishi kwa kuazima. Wamarekani waliisogeza setilaiti yao GOES-1 huku kwa ajili ya uchunguzi mkubwa wa hewa ya dunia wa mwaka 1979, kisha wakaiondoa. Mwaka 1998 Meteosat-5, iliyokwisha kuhudumu kwingine, ililetwa kwa utafiti wa INDOEX, uliochunguza ukungu wa moshi na vumbi juu ya bahari hii, na utafiti ulipokwisha ikaachwa. Baadaye ikaja Meteosat-7, kisha Meteosat-8 mwaka 2016, na tangu 2022 ni Meteosat-9, iliyorushwa mwaka 2005, inayokaa longitudo 45.5 mashariki, baharini mbele ya Somalia. Zote ni vyombo vilivyotangulia kutumika kwa wengine. Hata hivyo mzee huyu wa sasa hupiga picha kila dakika 15 kwa mikondo 12 ya nuru na joto, ambapo Meteosat za kwanza zilikuwa na mitatu.

Setilaiti haitabiri neno. Huleta vipimo, vikatiwa katika kompyuta zenye kukokotoa hewa ya siku zijazo, na mtaalamu akavipima pamoja na habari za vituo vya nchi kavu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao wa Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa hadhari mapema, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa kabla kimbunga hakijafika Mafia tarehe 4.