Kuangalia Si Bure

Ukipita Gikomba, mwenye kibanda anakuita ukiwa bado mbali: "Kuja uangalie, kastoma! Kuangalia ni bure!" Unashika shati, unalivuta mshono, unalinusa hata, unalirudisha na kwenda zako. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani.

Duka la bunduki ni kitu kingine kabisa. Mwaka jana niliingia katika duka moja katikati ya Nairobi, ghorofani, mlango wa vyuma wenye kengele. Babu yangu alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Ujana wake wote alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji wa Kizungu, kama Wakamba wengi wa rika lake, na nilitaka kuona kwa macho yangu kitu alichokibeba miaka ile yote.

"Una cheti?" Muuzaji aliniuliza kabla sijamaliza salamu.

"Hapana, mzee. Naangalia tu."

"Unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mwandishi."

"Wa gazeti gani?"

Sina gazeti. Hata digrii sina, niliacha chuo kabla ya kumaliza. Nikanyamaza. Akatoka nyuma ya kaunta, akasimama kati yangu na kabati la kioo, kama mtu anayemzuia mtoto asikaribie jiko. Hakunitusi. Aliniambia tu kwamba hapa si makavazi.

Utasema alifanya kazi yake, na ni kweli. Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, inamkataza kumuuzia mtu asiye na cheti, na inamtaka aandike daftarini kila silaha inayoingia na kutoka. Mimi pia sitaki nchi ambayo bunduki inauzwa kama shati la mitumba. Lakini niliposhuka zile ngazi nilijiuliza: swali la "wewe ni nani" lilianza lini kutangulia swali la "unataka nini"? Maana kuna wakati halikuulizwa.

Katika karne ya 19, bunduki Zanzibar ilikuwa bidhaa kama kaniki na shanga. Majeshi ya Ulaya yalipoanza kutumia bunduki za kujaziwa risasi kwa nyuma, yale magobore yao ya zamani, ya gumegume na ya fataki, yalikosa kazi. Wafanyabiashara wakayanunua kwa bei ya chini na kuyaleta huku. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipitia Zanzibar kila mwaka kuelekea bara. Aliyekuwa na pembe za ndovu alipata bunduki. Mirambo wa Unyamwezi alijenga dola yake kwa baruti za namna hiyo, na hakuna aliyemwomba barua ya chifu.

Sitaki kuupamba wakati huo. Magobore hayohayo ndiyo yaliyochoma vijiji na kuwafunga watu minyororo. Na ilikuwa kwa jina la kuikomesha biashara ya watumwa kwamba mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, yakatia sahihi mkataba tarehe 2 Julai 1890.

Huo mkataba ndio uliobadilisha kaunta. Ulichora mstari juu ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, ukasema ndani ya eneo hilo bunduki za kisasa zisiingizwe kwa biashara ya kawaida. Zilizoingia ziwekwe kwenye bohari za serikali. Magobore ya gumegume na baruti ya kawaida yangeweza kuendelea kuuzwa chini ya uangalizi. Bunduki nzuri, yenye mtutu wa mifuo, ingetolewa kwa mtu anayeweza kutoa dhamana ya kutosha kwamba haitapewa wala kuuziwa mwingine, na kwa msafiri mwenye karatasi kutoka kwa serikali yake. Soma hapo tena polepole. Ni nani, mwaka 1890, alikuwa na serikali ya kumwandikia karatasi? Mkataba haukutaja rangi ya mtu, na wala haukuhitaji.

Miaka michache baadaye Nairobi ikazaliwa, na haikuchukua muda ikawa mji wa safari. Theodore Roosevelt alipokuja mwaka 1909, baada tu ya kutoka urais wa Marekani, kampuni ya Newland, Tarlton ya Nairobi ndiyo iliyomtayarishia msafara. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500. Mojawapo ya bunduki zake ilikuwa ya mitutu miwili, kazi ya Holland & Holland wa London, zawadi kutoka kwa Waingereza waliomheshimu.

Mafundi wa London wa aina hiyo walikuwa na namna yao ya kumpokea mteja. Tangu mwisho wa karne ya 19 walikuwa na bunduki maalumu ya kupimia, yenye kitako kinachorefushwa, kufupishwa na kupindwa. Mteja aliinua, akalenga, fundi akarekebisha, akaandika vipimo vya bega na mkono wake kama fundi cherehani anayeshona suti. Kuangalia kwake kulikuwa sehemu ya huduma. Alipimwa ili bunduki imfae.

Babu naye alipimwa, ila kwa macho. Alizaliwa miaka ya 1930 upande wa Makindu. Bunduki ya mwajiri wake ikiharibika, alitumwa Nairobi kuipeleka duka la mafundi, na barua ya bwana mfukoni. Hakupitia mlango wa mbele. Alipita uchochoroni, akabisha, akatoa barua, akasubiri kwenye ngazi hadi ilipotengenezwa. Angeweza kuifungua na kuisafisha gizani. Alijua ipi inarusha kushoto na ipi inakwama ikipata vumbi la Tsavo. "Bila ile barua ningefungwa," alituambia, na alikuwa akicheka.

Alicheka, lakini hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na kufungwa kulikuwa ndiyo nafuu. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Baada ya muda si mrefu, kupatikana na silaha au risasi bila kibali likawa kosa la kunyongewa. Watu zaidi ya elfu moja walinyongwa katika vita vile, na wako walionyongwa kwa kupatikana na silaha au risasi tu. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957, shtaka lililomuua lilikuwa la kumiliki bastola.

Na ajabu ni kwamba hao waliokatazwa ndio waliofundishwa. Waruhiu Itote, ambaye msitu ulimjua kama Jenerali China, alijifunza bunduki katika jeshi la mfalme, huko Burma, vita vikuu vya pili. Maelfu ya Wakenya walirudi kama yeye, mabega yakiwa bado na alama ya bunduki waliyobebeshwa, na hapakuwa na duka la kuwauzia. Basi msituni wakajitengenezea. Mtutu ulikuwa bomba la maji, kifyatulio kilikuwa komeo la mlango, na nguvu ya kulisukuma ilitoka kwenye mpira wa tyubu ya baiskeli. Wakati mwingine ililipuka usoni pa mwenye kufyatua. Ziko katika makavazi sasa. Ukizitazama utaona kazi ya mtu aliyeshika bunduki halisi siku nyingi na hakuruhusiwa kuinunua hata siku moja.

Sheria tunayoitumia leo, ile Sura ya 114, ilitungwa mwaka 1953, katikati ya vita hivyo. Imefanyiwa marekebisho mara nyingi. Rangi haina nafasi tena. Lakini bado mwombaji anatakiwa amridhishe ofisa kwamba ana sababu nzuri ya kuwa na bunduki na kwamba hatahatarisha amani. Nani ana sababu nzuri? Mwenye mali ya kulinda anayo, na mheshimiwa anayo. Mfugaji anayeibiwa ng'ombe usiku na polisi wafike keshokutwa, yake itasikilizwa na nani? Mwishoni mwa 2018 serikali iliwaamuru wote wenye leseni wahakikiwe upya, maana hata miongoni mwa hao wenye sababu nzuri kulikuwa na wasiostahili. Kwa hiyo sheria si upuuzi. Ila macho yanayopima mlangoni ni ya zamani kuliko sheria, na wanaoyatumia leo huenda hawajui waliyarithi wapi.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya Mei 1977. Babu akarudi nyumbani na koti la kaki, kisu, na barua tatu za sifa. Bunduki hakuwahi kumiliki. Nyani walimmalizia mahindi kila msimu, akiwafukuza kwa kombeo na matusi ya Kikamba.

Siku ile nilipotoka dukani, chini ya ngazi palikuwa na soja wa jengo, mzee mwenye sweta ya kampuni na rungu mkononi. Alikuwa ameniona nikipanda.

"Umeziona?" akaniuliza.

"Kidogo tu, mzee. Nimefukuzwa."

Akatikisa kichwa. "Mimi nalinda hapa mwaka wa kumi na moja. Zikiletwa napanda nazo, masanduku mazito hayo, mgongo hadi leo." Akahamisha rungu kwapani, akanifungulia geti. "Lakini ndani sijawahi kufunguliwa nione."