Usaili wa kazi

Usaili wa kazi (pia: mahojiano ya kazi) ni mazungumzo au mtihani ambao mwajiri hutumia kumpima mwombaji kabla ya kumwajiri.

Nchini Tanzania usaili wa kazi nyingi za serikali huendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kwa kawaida huanza mtihani wa mchujo, kisha waliofaulu huitwa mbele ya jopo. Ushindani ni mkali: mwezi Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji.

Uhaba huo huwafanya wengi waombe kila nafasi inayotangazwa, hata wasiyo na sifa zake. Ni kupoteza muda, maana tangazo likitaka shahada ya uhasibu, mwenye stashahada ya utalii haitwi. Wengine wana sifa lakini hukwama mlangoni kwa sababu wamekuja na hati ya matokeo badala ya cheti halisi, au majina ya vyeti vyao yanatofautiana.

Mbele ya jopo, swali la kwanza mara nyingi ni "Jieleze kwa ufupi". Hapo msailiwa husimulia ukoo wake na shule ya msingi, ilhali jopo lataka kusikia elimu na uzoefu unaohusu kazi yenyewe. Kuhusu mshahara, serikalini umekwisha kupangwa kwa ngazi. Anayetaja kiasi chake huonyesha tu kwamba hakusoma tangazo.