Kombo ya Besi

Mtu akikwambia "nauza kombo", sikio la Mswahili linashtuka kidogo. Mambo yakienda kombo yameharibika, na makombo ni mabaki ya sahanini. Si jina la kumvutia mnunuzi, hasa kama kitu chenyewe ni cha mtumba. Hata hivyo naona neno hili la wanamuziki liachwe lilivyo, maana sarufi imekwisha kulitenga na wenzake: la chakula ni kombo hili, makombo haya, la muziki ni kombo hii, kombo hizi. Anayesema "kombo hizi mbili zinauzwa" hatadhaniwa anauza ukoko.

Kombo ni amplifaya na spika zilizofungwa ndani ya sanduku moja. Mfumo wa pili umegawanyika: kuna kichwa, yaani amplifaya peke yake, na kuna sanduku la spika, navyo huunganishwa kwa waya. Kichwa hapa ni kilekile cha lori la mizigo, leo kinavuta tela hili, kesho lile. Kombo ni basi, injini na viti ni mwili mmoja. Hapo ndipo mnunuzi wa kitu kilichotumika anapopaswa kutulia, kwa sababu ndani ya bei moja ananunua mashine mbili, kila moja na maradhi yake, na muuzaji atamsifia ile nzima.

Wapo wanaopenda kuiita kikuza sauti. Ni neno safi, lakini kinachoingia kwenye mashine si sauti. Ni umeme dhaifu unaotoka kwenye pikapu za gitaa, yaani vile vinasa mtetemo vilivyo chini ya nyuzi. Amplifaya huukuza umeme huo, na spika ndiyo inayougeuza kuwa sauti. Ukiliita sanduku zima kikuza sauti, umezificha mashine zote mbili nyuma ya jina moja, wakati tunataka kuzitazama mbalimbali. Kipaza sauti nacho kimeshachukuliwa: kwa huyu ni maikrofoni, kwa yule ni ile honi ya mnarani. Basi nabaki na amplifaya na spika, nikimwomba radhi Mheshimiwa anayeongoza vikao vya Bunge.

Mmarekani Leo Fender alitoa gitaa la besi la Precision mwaka 1951, na mwaka uliofuata akalitolea amplifaya yake, Bassman, kombo yenye spika moja ya inchi 15. Mwishoni mwa muongo huo Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10, na wapiga solo wakaishia kuipenda kuliko wenye besi yao. Jim Marshall wa London, alipotengeneza amplifaya yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, alifuata sakiti ya Bassman. Kampuni ya Ampeg nayo mwaka 1960 ilitoa B-15, ambayo inamsumbua mtunga istilahi. Amplifaya yake imefungwa kwenye kifuniko cha sanduku. Wakati wa safari inageuzwa na kulala ndani, wakati wa kupiga inasimama juu. Je, ni kombo? Mimi naihesabu kuwa kichwa na sanduku lake, kwa kuwa kifuniko kile hufunguliwa na kutoka, lakini ubishi huo sitaumaliza leo.

Uzi mnene wa besi, ule wa E, hutetemeka takribani mara 41 kwa sekunde, nusu ya ule wa gitaa la kawaida. Ili mtetemo wa chini namna hiyo usikike ukumbini, spika lazima isukume hewa nyingi, na karatasi yake iende mbele na kurudi kwa mwendo mrefu. Kwa hiyo mimi huanza na spika. Mashine ikiwa imezimwa, ondoa wavu kama unafunguka, zungushia vidole kwenye kitovu cha spika na uisukume taratibu, pande zote sawasawa. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Kisha washa, piga E tupu kwa nguvu, halafu panda nota moja moja. Mlio wa kutikisika unaotokea kwenye nota moja tu huenda ni skrubu iliyolegea, na bisibisi inatosha. Ukikufuata kila nota, shaka irudi kwenye spika. Kama nyuma kuna tundu la kupeleka besi kwenye miksa, chomeka huko pia: sauti ikiwa safi kwenye miksa na chafu kwenye sanduku, mgonjwa ni spika, au ile sehemu ya mwisho ya amplifaya inayoisukuma.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni spika iliyokwisha kubadilishwa. Spika nyingi za gari zina ukinzani wa omu 4, na fundi asiye na nyingine huweza kuifunga kwenye kombo iliyotengenezewa omu 8. Itaenea vizuri, italia kwa nguvu, na amplifaya ya transista itakuwa ikitoa mkondo mkubwa kuliko uwezo wake mpaka usiku wa harusi ya watu. Nenda na multimita. Spika ya omu 8 husoma kama 6 hivi, ya omu 4 husoma 3 na kitu.

Omu hizohizo ndizo zinazopamba wati. Kombo nyingi zimeandikwa nyuma wati za kutisha, na pembeni, kwa herufi ndogo, kwamba ni kwa omu 4. Ndani mna spika ya omu 8. Wati zile kamili huzipati mpaka uongeze nje sanduku jingine la omu 8. Na hata ukizipata, kutoka wati 100 hadi 200 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini halishangai. Sioni kwa nini mtu ailipie bei maradufu.

Umeme nao una masharti yake. Kombo ya Marekani imetengenezewa volti 120, ya Japani volti 100, na soketi za Dar es Salaam na Nairobi zina volti 230 hadi 240. Kama nyuma hakuna swichi ya kuchagua volti, weka kwenye hesabu transfoma ya kushushia umeme, pamoja na uzito wake begani. Fungua na plagi. Wapo wanaokata waya wa ardhi ili kunyamazisha mngurumo. Ukiukuta umekatwa, urudishwe kabla hujashika nyuzi za gitaa huku mdomo ukiwa karibu na maikrofoni, maana umeme ukivuja ndani ya sanduku utapita kwako.